Baba anamsifu Sékou Touré, mama mkwe hataki hata kusikia jina lake: nani mkweli?

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni Mtanzania, nimeolewa na Mguinea na tunaishi Dar es Salaam. Sebuleni kwa baba yangu kuna picha ya Sékou Touré, rais wa kwanza wa Guinea, pembeni ya ile ya Mwalimu Nyerere. Nimekua nikisikia habari za yule mzee aliyemwambia de Gaulle, kiongozi wa Ufaransa, 'hapana'. Mwezi uliopita mama mkwe alikuja kutoka Labé kumwona mjukuu. Tulipoalikwa kwa baba, katikati ya pilau baba akaanza kummwagia sifa Sékou Touré, akidhani anamfurahisha mgeni. Mama akanawa mikono, akaondoka mezani, na hakusema neno mpaka tunafika nyumbani. Mume wangu aliniambia tu kwamba kaka mkubwa wa mama aliingizwa Kambi ya Boiro, gereza la wafungwa wa kisiasa, mwaka 1976 na hakutoka, na kwamba kwao hayo hayazungumzwi. Nimetafuta mtandaoni nikachanganyikiwa zaidi. Wako wanaosema Boiro ni uzushi wa Wafaransa. Wengine wanasema uhuru wenyewe ulikuwa kosa, ndiyo maana Guinea ni maskini. Je, ni kweli Wafaransa waling'oa mpaka simu? Nani mkweli, baba au mama mkwe? Na je, nimwombe mama radhi au ninyamaze?"*

Marahaba, dada. Umeuliza mengi kwa mkupuo, lakini naona kinachokusumbua hasa si de Gaulle wala simu. Unaogopa kwamba ukimsadiki mama mkwe utakuwa umemwita baba yako mwongo, na ukimsadiki baba utakuwa umemkana marehemu wa ukoo ulikoolewa. Toa hofu. Baba yako yuko sahihi kuhusu mwaka 1958, na mama mkwe yuko sahihi kuhusu 1976. Wanaopotosha ni hao wa mtandaoni, wa pande zote mbili.

Ningeweza kuishia hapo, ila kusema kila mtu ana ukweli wake ni jibu la mvivu. Miaka hiyo miwili ina uzi unaoiunganisha, na usipouona utabaki ukiyumba kati ya sebule mbili.

Nianzie kwao mama mkwe. Labé iko Futa Jalon, milima iliyokuwa dola ya Kiislamu ya Wafulani tangu karne ya 18, ikitawaliwa na maalmami, yaani watawala wa kidini. Wafaransa waliivunja dola hiyo katika vita vya Porédaka mwaka 1896, almami Bokar Biro alipouawa. Mtawala wa Labé, Alfa Yaya, alikuwa ameshirikiana nao akitumaini kubaki na nchi yake. Wakamhamishia Dahomey (Benin ya leo), baadaye Mauritania, akafia huko mwaka 1912. Upande wa mashariki Samori Touré aliwapiga vita kwa zaidi ya miaka 15 kabla ya kukamatwa mwaka 1898 na kupelekwa Gabon, alikofariki mwaka 1900. Sékou Touré, aliyezaliwa Faranah mwaka 1922, alijitambulisha kuwa kitukuu wa Samori, na hakuacha mtu asahau.

Ukoloni wenyewe kwa mkulima ulikuwa na sura mbili: kodi na shuruti. Wakati wa Vita Kuu ya Pili vijiji vilitakiwa kutoa mpira na mpunga kwa viwango vilivyopangwa ofisini. Kijiji kisichokuwa na mpira kililazimika kuununua sokoni kwa bei ya kuruka, kisha kikaukabidhi serikalini kwa bei ya kutupa. Aliyekuja kukusanya hakuwa Mfaransa. Alikuwa chifu wa kantoni, Mwafrika mwenzao, naye alichukua chake juu ya cha serikali. Kazi ya shuruti ilifutwa kisheria mwaka 1946, lakini hasira dhidi ya machifu haikufutika nayo. Likumbuke hilo, kwa sababu nguvu ya chama cha Sékou Touré, PDG, ilitoka hapo kwanza, kabla ya hotuba yoyote.

Yeye mwenyewe alikuwa karani wa posta akageuka kiongozi wa wafanyakazi. Mwaka 1953 aliongoza mgomo uliodumu zaidi ya miezi miwili. Sheria mpya ya kazi ilikuwa imepunguza wiki ya kazi kutoka saa 48 hadi 40, na wafanyakazi wakadai mshahara wa saa upande kwa asilimia 20 ili wasipunjwe. Wakulima wakaleta mchele mjini kuwalisha wagomaji, na wanawake wa sokoni wakachanga. Mgomo ukashinda. Tangu siku hiyo Sékou Touré hakuwa tena mtu wa chama cha wafanyakazi tu.

Wanawake hao usiwapite haraka, tutakutana nao tena. Mwaka 1955, huko Tondon, M'Balia Camara, mwanamke mwanachama wa PDG aliyekuwa mjamzito, alijeruhiwa vibaya katika ugomvi na chifu wa kantoni, akafariki siku chache baadaye. Mazishi yake yalivuta umati mkubwa na jina lake likawa wimbo. Soko moja kubwa la Conakry linaitwa kwa jina lake mpaka leo. Miaka miwili baada ya kifo chake, serikali ya ndani iliyoongozwa na PDG ilifuta uchifu nchi nzima.

Sasa tufike kwenye hadithi ya baba yako. Tarehe 25 Agosti 1958 Jenerali de Gaulle alitua Conakry katika ziara ya kuyanadia makoloni yake katiba mpya. Kila koloni lingepiga kura: ndiyo, libaki ndani ya Jumuiya ya Ufaransa, au hapana, lijitegemee papo hapo. Sékou Touré alisimama mbele yake akasema kwamba Waguinea wanapendelea umaskini katika uhuru kuliko utajiri katika utumwa. De Gaulle akajibu kwamba Guinea inaweza kuuchukua uhuru wake, Ufaransa haitaweka kizuizi, ila matokeo yake itayaona. Kura ikapigwa tarehe 28 Septemba. Waliosema hapana walizidi milioni 1.1, waliosema ndiyo hawakufika 60,000. Makoloni mengine yote ya Ufaransa kusini mwa Sahara yalisema ndiyo. Tarehe 2 Oktoba 1958 Guinea ikawa jamhuri. Hayo yote ni kweli tupu, na baba yako ana haki ya kuvimba kifua kwa ajili yao.

Lakini katika masimulizi ya sebuleni kuna kosa moja, nalo ndilo linalozaa ugomvi wote. Hadithi inasimuliwa kana kwamba ile "hapana" ilitoka kinywani mwa mtu mmoja. Haikuwa hivyo. Mpaka katikati ya Septemba uongozi wa PDG ulikuwa bado haujatangaza msimamo, na hata ile hotuba ya Agosti, ukiisoma kwa utulivu, bado iliacha mlango wazi: ilidai usawa na haki ya kujitenga baadaye, haikudai kuondoka siku hiyo. Waliokuwa mbele ya viongozi ni wanafunzi, vijana, walimu na vyama vya wafanyakazi. Wapinzani wakubwa wa Sékou Touré, Barry Diawadou na Ibrahima Barry aliyejulikana kama Barry III, wote wawili Wafulani wa Futa Jalon, nao walitangaza kura ya hapana. PDG ilipotoa msimamo wake tarehe 14 Septemba ilikuwa inaukamata mkondo uliokwisha kuanza kutiririka. Kwa hiyo Futa Jalon haikupokea uhuru kama zawadi kutoka kwa Sékou Touré. Ilikuwemo kwenye kura. Wazazi wa mama mkwe, kama walipiga kura mwaka ule, kuna uwezekano mkubwa kabisa walisema hapana.

Yaweke akilini majina ya hao akina Barry.

Kuhusu simu: ndiyo, kwa sehemu kubwa ni kweli. Paris iliamua Guinea iwe funzo kwa wengine. Watumishi wa Kifaransa walipewa muda wa wiki chache kuondoka: mahakimu, madaktari, walimu, mafundi. Mashahidi wa pande zote mbili wameeleza majalada yaliyochomwa, vifaa vilivyopakiwa melini, dawa zilizoondolewa hospitalini na nyaya za simu zilizokatwa. Misaada ilisitishwa, na Guinea ilipoomba kiti Umoja wa Mataifa mwezi Desemba, Ufaransa haikupiga kura ya kuunga mkono. Guinea ilipotoka kwenye faranga ya kikoloni na kutoa sarafu yake mwaka 1960, idara ya ujasusi ya Ufaransa ilitengeneza noti bandia za Guinea na kuzimwaga nchini ili kuivuruga sarafu hiyo, tena ikapeleka silaha kwa wapinzani. Huo si uvumi wa vijiweni. Maurice Robert, aliyekuwa mkuu wa shughuli za idara hiyo barani Afrika, alilikiri hadharani uzeeni.

Hata hivyo usisimulie kana kwamba Wafaransa walizima taa wote wakaondoka. Januari 1959 nchi hizo mbili zilisaini mikataba ya ushirikiano. Kiwanda cha Fria cha alumina, malighafi ya alumini inayotokana na bauksiti, cha kwanza cha aina yake barani Afrika, kilianza kazi mwaka 1960 kikiendeshwa na kampuni iliyoongozwa na Wafaransa wa Pechiney, nao waliendelea kuchimba na kusafirisha miaka yote ambayo redio ya Conakry ilikuwa inawatukana mabeberu asubuhi na jioni. Na pengo la walimu lilizibwa kwa njia ya kupendeza: walikuja walimu Waafrika kutoka makoloni jirani, akiwemo mwanahistoria Joseph Ki-Zerbo wa Volta ya Juu (Burkina Faso ya leo), na Wafaransa wa mrengo wa kushoto waliokaa au kuja kwa hiari yao. Ghana ya Nkrumah iliahidi mkopo wa pauni milioni 10.

Umaskini, basi, ulitoka wapi? Adhabu ya Ufaransa iliumiza, sikatai, lakini haiwezi kubebeshwa miaka 26. Mwaka 1958 Guinea ilikuwa inasafirisha ndizi na kahawa na ilikuwa na bauksiti kuliko nchi yoyote duniani. Serikali ikachukua biashara yote ya nje, kisha ya jumla, kisha ya rejareja. Wewe muulize baba yako kuhusu maduka ya kaya, kampuni za biashara za mikoa (RTC) na foleni za sabuni za miaka ya mwanzo ya themanini, atakuelewesha haraka kuliko mimi. Tofauti ni kwamba kwa Waguinea hali hiyo ilianza mapema zaidi, ikadumu zaidi, na mwaka 1975 biashara ya mtu binafsi ikapigwa marufuku kabisa. Mkulima alitakiwa kukabidhi mazao kwa viwango vilivyopangwa ofisini, kwa bei ya serikali. (Umeshaisikia wapi hiyo?) Aliyeweza alivusha kahawa yake usiku kwenda Sierra Leone, Liberia au Kodivaa. Aliyeshindwa alipunguza shamba. Serikali haikushtuka upesi, kwa sababu fedha za kigeni zilikuwa zinatoka kwenye bauksiti: Fria, na baadaye migodi ya Boké iliyoanza kusafirisha mwaka 1973. Serikali inayolishwa na mgodi inaweza kumwudhi mkulima kwa muda mrefu bila kuhisi njaa. Hapo ndipo penye jibu la umaskini wa Guinea, kwa maoni yangu, kuliko kwenye kura ya 1958.

Sasa Boiro. Hapa nitakwenda polepole, kwa sababu ndipo palipo jeraha la nyumbani kwako.

Kambi ya Boiro ilikuwa ndani ya jiji la Conakry, eneo la Camayenne, si mbali na nyumba za watu. Haikuzushwa na Wafaransa. Tuna ushuhuda wa wafungwa waliotoka hai, Waguinea na wageni, akiwemo Askofu Mkuu wa Conakry, Raymond-Marie Tchidimbo, aliyekaa gerezani tangu mwishoni mwa 1970 hadi 1979. Tuna pia kumbukumbu za serikali yenyewe, maana maungamo ya wafungwa yalisomwa redioni na kuchapishwa katika gazeti la chama, Horoya. Anayesema Boiro ni uzushi anabishana na gazeti la Sékou Touré mwenyewe.

Mtambo wa jambo lile ulifanya kazi hivi. Kila baada ya muda ilitangazwa njama. Mwaka 1961 zamu ilikuwa ya walimu, waliodai maslahi yao kupitia chama chao cha wafanyakazi, kile kile alichofanya Sékou Touré mwaka 1953. Viongozi wao wakafungwa, na balozi wa Kisovieti akafukuzwa kwa madai kwamba alihusika. Mwaka 1965 ilikuwa zamu ya mfanyabiashara Mamadou Touré, aliyeitwa Petit Touré. Alitaka kusajili chama cha upinzani, jambo ambalo katiba haikulikataza. Akafia Boiro kwa kunyimwa chakula na maji, adhabu ambayo wafungwa waliita mlo mweusi. Mwaka 1969 zamu ikamfikia Keita Fodéba, msanii aliyeanzisha kundi maarufu la ngoma la Ballets Africains, kisha akawa waziri wa ulinzi na usalama. Gereza la kambi lilijengwa chini ya usimamizi wake. Akafungwa humo humo, akauawa. Barry Diawadou aliuawa katika wimbi hilo hilo.

Mshtakiwa alihojiwa na kamati iliyokuwa na ndugu wa rais, chini ya mateso, mpaka aungame. Na maungamo hayakupokelewa bila majina ya washirika. Kila aliyevunjika alitaja wengine watano au kumi, nao wakaletwa, nao wakataja. Kwa hiyo hakuna orodha iliyoweza kuisha. Ndiyo maana utakuta kati ya wahanga Wamalinke, Wasusu, watu wa misituni, Wafulani, Walebanoni, mapadri, makapteni na mawaziri. Makadirio ya waliokufa chini ya utawala ule yanapishana sana, kutoka maelfu kadhaa hadi 50,000, na hakuna tume ya taifa iliyokaa ikahesabu kwa jina.

Hapa ndipo baba yako atakuuliza: je, hazikuwepo njama za kweli? Zilikuwepo, na swali lake ni halali. Nimeshakutajia noti bandia. Usiku wa kuamkia tarehe 22 Novemba 1970 Wareno, waliokuwa wanapigana na PAIGC, chama cha ukombozi cha Amílcar Cabral, huko Guinea-Bissau, walivamia Conakry kwa meli wakiwa na Waguinea waliokuwa uhamishoni. Waliwakomboa wafungwa wao wa vita 26, wakamkosa Cabral, wakashindwa kuipindua serikali. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilituma ujumbe kuchunguza, likailaani Ureno. Cabral mwenyewe aliuawa Conakry Januari 1973. Guinea ililipa gharama kubwa kwa kuwasaidia wapigania uhuru, na heshima ya Sékou Touré katika jambo hilo sitaki kuipunguza hata chembe.

Lakini angalia kilichofuata uvamizi. Adui wa kweli alipopiga hodi, serikali ilipata ithibati ya kudumu kwamba njama zote za nyuma na za mbele zilikuwa kweli. Tarehe 25 Januari 1971 watu wanne walinyongwa hadharani kwenye daraja jijini Conakry, bila wakili na bila kusikilizwa kwenye mahakama ya kawaida, na wananchi wakaitwa kutazama. Mmoja wao alikuwa Barry III. Huyu ndiye aliyetangaza "hapana" mwaka 1958. Hapo ndipo ulipo ule uzi niliokuahidi: waliomezwa na Boiro ni watu wa kura ile ile anayoisherehekea baba yako.

Na sasa mwaka wa kaka yake mama mkwe. Julai 1976 alikamatwa Diallo Telli. Jina hili baba yako analijua hata kama halijamjia kichwani: ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wa kwanza wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, kuanzia 1964 hadi 1972, miaka ambayo Kamati ya Ukombozi ya umoja huo ilikuwa na makao yake Dar es Salaam na Guinea ni mjumbe wake. Kabla ya hapo alikuwa balozi wa Guinea kwenye Umoja wa Mataifa. Alipokamatwa alikuwa waziri wa sheria wa Sékou Touré. Alikuwa Mfulani. Mwezi uliofuata rais alitoa hotuba akiwashambulia Wafulani kama kabila, akatangaza kwamba watoto wao hawatapewa tena nafasi za kusoma nje. Ndipo Futa Jalon ilipokamuliwa. Diallo Telli alikufa kwa njaa na kiu ndani ya Boiro mwishoni mwa Februari au mwanzo wa Machi 1977, pamoja na wenzake kadhaa.

Kama kaka wa mama mkwe aliingia mwaka ule, basi aliingia katika wimbi hilo, na haikuhitajika awe amefanya kitu. Mama wakati huo huenda alikuwa msichana. Familia nyingi hazikupewa mwili wala barua. Hazikujua zisome hitima tarehe gani. Kuna wake walioshinikizwa kuwaacha waume zao waliofungwa, na kuna nyumba zilizotaifishwa. Wakati mwingine aliyelitaja jina lako alikuwa jirani au shemeji, naye alirudi mtaani baadaye. Ndiyo maana "hayazungumzwi". Ukimya ule usiudhanie ni kusahau.

Utawala ule ulitikiswa na nani? Na wanawake. Tarehe 27 Agosti 1977, kwenye soko la M'Balia jijini Conakry, askari wa ile iliyoitwa polisi ya uchumi walitaka kumpekua mama mmoja wa sokoni. Wenzake wakawageuka, wakawafukuza, wakaandamana mpaka ikulu, na ghasia zikaenea miji mingine. Hawa ndio waliolisha mgomo wa 1953, na sasa walikuwa wanatoka kwenye soko lenye jina la mwanamke wa Tondon. Sékou Touré aliweza kuwaita walimu na mawaziri vibaraka, hao hakuweza. Polisi ya uchumi ikavunjwa, biashara ndogo ikaachiwa taratibu, wafungwa wakaanza kutolewa, na mwaka uliofuata rais wa Ufaransa akapokelewa Conakry kwa shangwe. Sékou Touré alifariki tarehe 26 Machi 1984 katika hospitali ya Cleveland, Marekani. Wiki moja baadaye jeshi likachukua nchi. Kilele cha OAU kilichokuwa kifanyike Conakry mwaka huo kilihamia Addis Ababa, na Mwalimu Nyerere akachukua uenyekiti.

Kwa nini hapa kwetu tulipata nusu moja tu ya habari? Sababu si njama. Redio yetu ilizungumza habari za ukombozi, na Guinea ilikuwa upande wetu. Mwimbaji Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliishi huko, Nkrumah alipopinduliwa mwaka 1966 alipewa hifadhi na cheo cha rais mwenza. Isitoshe, sisi wenyewe tulikuwa na sheria ya kuweka watu kizuizini tangu 1962, kwa hiyo hatukuwa na haraka ya kuuliza nani yuko kizuizini kwa jirani. Kizuizi chetu hakikuwa Boiro, wala sikilinganishi nayo. Nasema tu kwamba masikio yetu yalikuwa yamezoea.

Usidhani pia kwamba Waguinea wenyewe wameshakubaliana. Mwishoni mwa 2021 serikali ya kijeshi ya Mamadi Doumbouya iliupa uwanja wa ndege wa Conakry jina la Ahmed Sékou Touré. Wako waliolia kwa furaha na wako waliolia kwa uchungu, wakati mwingine ndani ya nyumba moja. Mume wako akipita uwanjani hapo na mama yake, hilo ndilo jina linalowapokea.

Sasa la nyumbani. Ndiyo, omba radhi, lakini iwe fupi na usimpe mama kazi ya kukufariji. Inatosha kumwambia, mume wako akitafsiri: mama, tulikuwa hatujui habari za kaka yako, tunamwombea. Taja jina lake kama unalijua. Halafu nyamaza. Usimwulize ilikuwaje, usimwonyeshe video, na usianze kumweleza mazuri ya mwaka 1958; anayajua, ni historia yake. Akitaka kusimulia atasimulia, pengine baada ya mwaka, pengine kwa mjukuu.

Kwa baba yako nenda peke yako, bila mumeo. Usimwambie shujaa wake ni muuaji. Atajitetea, na mazungumzo yatakwisha hapo. Mwambie habari za Diallo Telli. Mzee wa rika lake aliyeiheshimu OAU atashtuka kuliko kwa takwimu yoyote. Picha ni ya sebule yake, siwezi kumwamulia. Mimi ningeishusha siku mama mkwe anapokuja, kama unavyomwondolea mgeni chakula kinachomdhuru, na wala nisingeona ni kumkana Sékou Touré wa 1958.

Kuna mambo mawili ambayo jibu langu halitoshi, yanahitaji mtu wa ana kwa ana. La kwanza, ukiona mama tangu siku ile halali, hali vizuri, anashtuka mlango ukibishwa au anajifungia, msiseme ni uzee. Mpelekeni kwa daktari anayeshughulika na afya ya akili, kwa lugha anayoijua, na mtu wa kutafsiri asiwe mwanawe. Kuna mambo mama hatayasema mbele ya mtoto aliyemzaa. La pili, ikiwa familia inataka kujua kilichompata kaka yake, upo Conakry umoja wa wahanga wa Kambi ya Boiro ulioundwa na manusura na familia zao, wanaokusanya majina na ushuhuda. Mume wako atakaposafiri awaone mwenyewe, kwa ridhaa ya mama, kwa sababu mwenye haki ya kufungua jalada hilo ni yeye. Aende na jina kamili la marehemu na majina ya wazazi wake, kazi aliyokuwa akifanya, mji alikokamatiwa na mwezi aliokamatwa kama unakumbukwa. Aulize pia kuhusu gereza la mji wa Kindia, maana si wote waliokamatwa waliishia Boiro. Wengine walizikwa chini ya mlima Gangan.